Kilo Arobaini na Nane za Mwananchi wa Kawaida

Iko nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaipita, kwa sababu mchoraji alipofika hapo aliitwa kwenye kikao na hajatoka mpaka leo. Ni nchi nzuri. Ina mlima mmoja, mito miwili na mawaziri arobaini na sita. Nyanya zake ni kubwa kama ngumi ya bondia, na kwa miaka mingi ziliuzwa nchi jirani bila maneno, mpaka siku lori moja liliporudishwa mpakani na mzigo wake wote, pamoja na barua. Barua yenyewe ilikuwa fupi na ya adabu. Ilisema: "Tunawarudishia dawa yenu ya kuua wadudu. Tumekuta ndani yake kuna nyanya."

Serikali ilisikitika sana, hasa kwa vile barua haikupitia ngazi husika. Waziri wa Kilimo, Mboga na Matamko, Mheshimiwa Bonaventura Gwandumi, aliita waandishi wa habari mchana huohuo.

"Napenda kuwahakikishia wananchi kwamba nyanya zetu hazina sumu yoyote," alisema, "na kwamba kuanzia sasa sumu hiyo itawekewa kiwango."

Mpaka kiwango kipatikane, akaongeza, ni marufuku kuuza nyanya, iwe lori zima au moja ya kachumbari.

Tamko lilimkuta Dunstani Mbwilo wa kijiji cha Lusanje akiwa katikati ya shamba lake, ekari moja na nusu ya nyanya, na nyanya zenyewe ndiyo kwanza zimeanza kuona haya mashavuni. Nyanya haijui tamko. Ukiiambia isubiri kiwango, inaendelea kuiva mbele ya macho yako kama mtoto mtukutu.

Sasa, ili usije ukamhukumu mtu, lazima ujue mambo ya dawa kule Lusanje. Iliyotamba iliitwa Maliza 500. Hakuna aliyejua hiyo mia tano ni ya nini, lakini ilipokuja Maliza 300 watu waliikataa, wakasema wamedharauliwa. Kwenye chupa kulikuwa na picha ya mtu aliyevaa barakoa, miwani na glavu, na wanakijiji walimwonea huruma wakidhani anaumwa. Maelezo yalisema ukishapiga dawa usubiri siku kumi na nne ndipo uvune. Lusanje walipiga asubuhi wakavuna jioni, maana dawa ikiwa bado mbichi nyanya inang'aa, na mnunuzi anapenda kinachong'aa.

Lakini nyuma ya kila jiko, kila nyumba, kulikuwa na tuta moja lisilopigwa dawa hata tone. Waliliita tuta la nyumbani. Humo ndimo walimochuma nyanya za kula wao na watoto wao. Ukiuliza kwa nini tuta hili halipigwi, unaambiwa kwa upole kabisa kwamba nyanya za nyumbani hazina haja ya kung'aa.

Msimu ule shamba zima la Dunstani lilikuwa kama tuta la nyumbani, na wala si kwa wema. Duka la dawa lilikuwa la shemeji yake, na wawili hao walikuwa hawasemeshani tangu harusi moja ambako Dunstani alikalishwa kwenye ndoo iliyofunikwa, shemeji akapewa kochi. Dunstani aliapa kutokanyaga dukani kwake. Viwavi wakala theluthi ya nyanya. Theluthi mbili zilizobaki zilikuwa safi kuliko nyanya zote nchini, na usafi wenyewe ulitokana na kununa.

*

Jumatatu alifika mtaalamu kutoka Mamlaka ya Masalia ya Viuatilifu, Dokta Hidaya Msangamwelu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, kikokotoo, na kasoro moja kubwa kwa mtumishi wa nchi ile: aliipenda kazi yake.

"Kiwango hakikisiwi," alimweleza mtendaji wa kijiji. "Tunachukua kiasi cha sumu kisichomdhuru mtu kwa kila kilo ya mwili wake. Tunazidisha kwa uzito wa mwananchi wa kawaida. Halafu tunagawa kwa nyanya anazokula kwa siku. Mtu akiwa mwepesi, kiwango kinashuka. Akiwa mlaji sana, kinashuka pia. Tumeelewana?"

"Kabisa," alisema mtendaji, kwa sauti ya mtu anayesikiliza tangazo la msiba wa kijiji kingine. "Huyo mwananchi wa kawaida unakuja naye, au tumtafute hapa?"

"Nchi nyingine wanapima watu elfu kumi, wanatafuta wastani."

"Na sisi?"

Dokta Hidaya alitazama viatu vyake. "Bajeti imepitisha mwananchi mmoja."

Mtendaji hakuwa na shida. Alimjua mtu. Dunstani hakuwa mrefu wala mfupi, hakuwa ndugu wa mtu yeyote wa maana, alikuwa na mke mmoja, redio moja na malalamiko mawili. Jioni hiyo alikabidhiwa barua ya uteuzi yenye muhuri, inayomtambulisha kuwa Mwananchi wa Kawaida, daraja la pili.

"Daraja la kwanza ni nani?" aliuliza mkewe, Leokadia.

"Linasubiri mtu kutoka wizarani," mtendaji alijibu.

Dunstani alikubali kwa jambo moja tu. Mnunuzi wa nchi jirani alikuwa ameahidi kuleta lori siku ya Ijumaa kwa yeyote atakayekuwa na nyanya zilizopimwa na kiwango kilichosainiwa. Ikipita Ijumaa lori linakwenda kwingine, na nyanya za Dunstani zinageuka supu zikiwa zimesimama. Kwa hiyo alitaka kupimwa upesi, hata kama ni kupimwa urefu wa masikio.

Kupimwa nako kulikuwa na mambo yake. Mizani ya zahanati ilikuwa ile ya kuning'iniza watoto wachanga kwenye kikaptula, na Dunstani aliitazama akasema hapana. Mizani nyingine iliyokuwa na muhuri wa serikali ilikuwa moja tu, ya Chama cha Ushirika, ile inayopimia maharage, mahindi na vitunguu vya wilaya nzima.

Hapo ndipo kijiji kilipoanza kutazamana.

Maana mizani ya Ushirika ilikuwa na tabia, kila mtu aliijua, na hakuna aliyeisema. Ukiweka gunia la kilo mia, inasoma sabini na tano. Robo inakwenda mahali. Msimu kwa msimu, tangu enzi za karani wa mizani aliyepita, hadi zama za huyu wa sasa, Kasiani, kijana mpole asiyemtazama mtu usoni anaposoma kilo. Ukutani nyuma yake palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya mafuta: MIZANI YA USHIRIKA HAIKOSEI.

Dunstani alipanda. Alijijua ni kilo sitini na nne, alipimwa hospitali ya misheni mwezi uliopita alipokwenda kumtolea baba mkwe damu.

"Arobaini na nane," Kasiani akasoma, akitazama dari.

Dokta Hidaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanaume mzima? Kaka, unakula?"

"Nakula, Dokta."

"Nyanya unakula ngapi kwa siku?"

Hapa Dunstani aliona ni nafasi ya kulinda heshima ya nyumba yake. "Nyanya? Msimu kama huu, Dokta, asubuhi nyanya, mchana nyanya na ugali, jioni mchuzi wa nyanya. Nikipita shambani natupia mbili tatu. Weka ishirini."

"Ishirini?"

"Na mgeni akija, ishirini na tano."

Dokta Hidaya aliandika. Aligonga kikokotoo, akakitazama, akagonga tena. Mtu mwepesi vile, mlaji wa nyanya vile. Kiwango kilichotoka kilikuwa kidogo mno, sifuri nyingi mbele, namba moja nyembamba nyuma kama mtu aliyechelewa foleni. Nyanya iliyopigwa Maliza 500 ndani ya wiki tatu isingepita. Ya Dunstani ingepita inaimba.

*

Jumatano kiwango kilifika mezani kwa waziri, na wadau wakalia.

Wadau ni watu wa nchi ile wasio na majina. Wanavaa suti, wanaingia wizarani bila kuandika kwenye daftari la wageni, na kwa bahati tu maghala yao yote yalikuwa yamejaa Maliza 500. Walisema hawapingi kiwango. Kiwango ni kizuri. Mbaya ni mwananchi.

"Mheshimiwa, kilo arobaini na nane ni fedheha kwa taifa," walimwambia waziri. "Dunia itasema hatuli. Ongeza mwananchi."

Basi Jumatano mchana lilifika Lusanje gari la serikali likiwa na sufuria mbili za pilau, ndizi, kreti la soda na afisa lishe mwenye barua: Mwananchi wa Kawaida anenepeshwe haraka iwezekanavyo, na asipewe nyanya hata moja mpaka zoezi likamilike. Dunstani alikula kwa uzalendo. Alikula mchana, alikula jioni, alikula Alhamisi asubuhi akisimamiwa na afisa lishe mwenye saa mkononi. Tumbo lililozoea ugali na mchicha halikuwahi kuona mafuta ya kiwango kile. Kufikia Alhamisi mchana pilau ya serikali ilikuwa imeingia na kutoka, na ilipotoka iliondoka na vilivyokuwemo. Waliporudi kumpima mizani ikasoma arobaini na nane kasoro robo.

Afisa lishe aliripoti wizarani kwamba mwananchi amepokea huduma lakini hana mwitikio. Waziri akatangaza kwamba Ijumaa atakuja mwenyewe, mwananchi apimwe hadharani, na kama kuna tatizo liundiwe tume.

Neno tume lilimtisha Dunstani. Tume ya mwisho kuundwa wilayani ilikuwa ya kuchunguza kwa nini tume iliyotangulia haijarudi.

"Zimeshaiva zote," Leokadia alimwambia mlangoni pa jiko. "Nimetoka kuzishika sasa hivi. Ukibonyeza kidogo zinabonyea. Kesho lori likiondoka tupu, baba Tulia, hiyo barua yako ya daraja la pili tutaila na chumvi."

"Nimepimwa mara ngapi lakini? Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Useme kweli au useme uongo, ila useme kabla ya mchana."

Jua likiwa bado juu akaja Mzee Kunzugala, jirani yake, na wakulima wenzake kumi na mmoja. Walikaa kwenye benchi na kwenye magogo, wakakataa chai, jambo ambalo Lusanje ni dalili ya mazungumzo mazito.

"Mwanangu," Mzee Kunzugala alianza, "ile mizani inatula tangu baba yako yu hai. Tumelalamika, tumeambiwa tulete ushahidi. Ushahidi tutautoa wapi? Maharage hayajui uzito wake. Wewe unaujua."

"Naujua, mzee."

"Basi wewe ndiye gunia la kwanza kuwa na mdomo. Kesho waziri yupo, redio ipo. Ukiulizwa, sema kilo zako."

Wakulima kumi na mmoja walimtazama. Ni vigumu kutazamwa na watu kumi na mmoja waliokataa chai.

"Nitasema," Dunstani alijibu.

*

Ijumaa ghala la Ushirika lilifurika. Mheshimiwa Gwandumi alishuka kwenye gari kwa awamu, kwanza tumbo, halafu yeye. Alikuwa mtu mnene, mwenye furaha, na mwaka huo alikuwa na huzuni moja ambayo wasaidizi wake wote waliijua: daktari wa nje alimpa hadi Desemba afike kilo tisini, la sivyo aage nyama choma maisha yake yote. Mkewe alikuwa amebandika karatasi ya daktari kwenye mlango wa friji.

Alihutubia dakika hamsini. Alisema nyanya ni uti wa mgongo wa kachumbari. Alisema serikali haitaruhusu mwananchi ale sumu zaidi ya anayostahili. Nje, lori la nchi jirani lilikuwa limepaki kivulini, na dereva wake alikuwa akitazama saa.

Dunstani alipanda mizani. "Arobaini na nane," Kasiani akaiambia dari. Usiku Dunstani alikuwa ameirudisha ile robo kwa ugali.

Mmoja wa wadau alinyanyua mkono. "Mheshimiwa, kwa heshima zote, mtu huyu anaonekana kabisa ni sitini na kitu. Sisi tunahoji mizani."

Ghala zima likashusha pumzi kwa pamoja. Neno ambalo wakulima hawakuthubutu kulisema miaka yote lilisemwa na mtu wa suti, tena kwa ajili ya kuuza dawa. Mzee Kunzugala alimkonyeza Dunstani. Dokta Hidaya, aliyekuwa na kiwango mkononi na kalamu ya kusainia, aliiangalia mizani kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtambua mwizi wake sokoni.

"Mizani ina muhuri," Kasiani alisema polepole.

"Tunahoji na muhuri," mdau akajibu.

"Hakuna haja ya kugombana," alisema waziri, ambaye alipenda suluhisho alimokuwemo mwenyewe. "Uzito wangu naujua. Nilipimwa kwa mashine za kisasa wiki iliyopita, kilo mia na ishirini. Nitapanda. Ikisema mia na ishirini, mizani ni nzima. Ikikosea, leo hii naunda tume."

Alipanda. Mizani ililalamika kidogo, ikatulia.

"Tisini," alisema Kasiani.

Waziri aliinama akasoma mwenyewe, na kwa sababu ya tumbo ilimbidi asome kutoka pembeni. Alishuka. Akavua viatu, akapanda tena.

"Themanini na tisa."

Aliposimama wima uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa ujana wake na risiti juu. Alimwita mpiga picha, akamwelekeza apige mshale wa mizani, na muhuri uonekane. Halafu akamgeukia yule mdau.

"Unasemaje kuhusu mizani hii?"

"Mheshimiwa, si ulisema mia na..."

"Nilisema wiki iliyopita. Nimekuwa nikitembea." Waziri alitupa macho ghalani. "Lakini serikali yangu ni sikivu. Imsikilize mwananchi mwenyewe. Wewe, Mwananchi wa Kawaida, unaujua mwili wako. Mizani hii inasema kweli?"

Kipaza sauti cha redio kilisogezwa mdomoni kwa Dunstani. Alimwona Mzee Kunzugala akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alimwona Dokta Hidaya, kalamu imesimama. Kupitia mlangoni alimwona dereva wa lori akitupa kipande cha muwa na kufungua mlango wa gari lake, na nyuma ya lori alimwona Leokadia amekaa juu ya makreti arobaini ya nyanya zinazobonyea, ametulia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kilo sitini na nne zilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akaziona zikigeuka tume, tume ikigeuka posho, posho ikigeuka Desemba.

"Inasema kweli, Mheshimiwa," alisema Dunstani.

Mzee Kunzugala alivaa kofia.

Waziri alisaini palepale, juu ya mgongo wa Kasiani. Ndivyo nchi ile ilivyopata kiwango kikali kuliko vyote duniani cha masalia ya viuatilifu kwenye nyanya, kilichojengwa juu ya mtu wa kilo arobaini na nane anayekula nyanya ishirini kwa siku. Wataalamu wa nchi za mbali walisifu sana, na mmoja aliandika barua kuuliza kama yule bwana bado yu hai. Yule mdau alihuzunika kwa dakika kumi, kisha akakumbuka kwamba kiwango kinahusu nyanya zinazovuka mpaka, zinazobaki hazijatajwa popote.

Kijijini nako mambo yalipangika upya saa ileile. Nyanya za mashamba zilikataliwa na mashine ya kupimia sumu aliyokuja nayo Dokta Hidaya, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wake walikimbia nyuma ya majiko na ndoo, wakachuma tuta la nyumbani lote, na zile zikapita. Za shambani, zile zinazong'aa, ziliingizwa ndani kwa ajili ya mchuzi. Kabla ya jua kuzama foleni ya ndoo ilizunguka ghala.

Dunstani ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mashine ilizipitisha nyanya zake zote, makreti arobaini kwa arobaini, Dokta Hidaya akampa mkono akamwambia hajawahi kuona nyanya safi namna ile, na Dunstani hakumweleza habari za shemeji na ndoo ya harusini. Kilichobaki kilikuwa kupima mzigo upakiwe. Alibeba kreti la kwanza mwenyewe. Lilikuwa la kilo arobaini. Mgongo wake ulizijua moja moja.

"Thelathini," alisema Kasiani.

Dunstani alifungua mdomo. Nyuma yake, Mzee Kunzugala alikuwa amesimama na ndoo yake, kofia bado kichwani.

"Kaka, una neno?" Kasiani aliuliza, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtu usoni. Hakuwa akikejeli. Alitaka kujua tu.

Leokadia akamgusa mumewe kiwiko. "Mwambie basi. Si jana uliwaambia wazee utasema?"

Dunstani alilitazama kreti, akautazama mshale.

"Andika," alisema. "Mimi mwenyewe nimeiachia mizani hii kilo zangu kumi na sita."

"Nimeshaandika," alisema Kasiani, macho yakarudi darini. "Leta la pili."